Yohana Ana Ndugu Wengi

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkusanyiko wa wazazi, walimu na wapenzi wa lugha. Waliokosa kufika wameniomba maandishi yake, nami nayaweka hapa kamili. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, walimu wangu, kina mama na kina baba, vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo? Ahsanteni sana kwa kuja.

Nianze kwa kujitambulisha, maana leo utambulisho ndio mada yenyewe. Naitwa Yohana. Siku yangu ya kwanza shuleni mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akaniuliza jina, nikasema Yohana, akaandika John. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi Yohana." Akanijibu bila kuinua macho, "Hilo ni la nyumbani. Jina lenyewe hasa ni John." Nikakaa. Nilikuwa na miaka saba, na mtoto wa miaka saba habishani na daftari.

Jioni ile nikapita kwa mzee jirani yetu. Alikuwa Mwislamu, mtu wa swala tano, na tangu nizaliwe hakuwahi kuniita Yohana wala John. Aliniita Yahya. Mjukuu wake wa rika langu aliitwa Yahya, na mzee alishaamua kwamba sisi wawili tuna jina moja. "Huyu somo yako," aliniambia. Basi mimi na yule mtoto tukawa tunaitana somo, na mpaka leo hatujaacha.

Kwa hiyo jua lilipozama siku ile nilikuwa na majina matatu. Nyumbani Yohana, shuleni John, kwa jirani Yahya. Lipi langu? Lipi la kweli na lipi la kuazima? Swali hilo nimetembea nalo miaka mingi, na leo nawaleteeni niliyoyapata njiani.

Twendeni mwanzoni kabisa, kwenye Kiebrania. Jina lenyewe huko hutamkwa Yo-ha-nan, na kwa kirefu Yehohanan. Biblia zetu za Kiswahili, katika Agano la Kale, huliandika Yohanani. Ni jina? Ndiyo, ni jina, lakini kabla ya kuwa jina ni sentensi. Kipande cha mbele ni kifupi cha jina la Mungu wa Israeli. Kipande cha nyuma ni kitenzi: amefadhili, amerehemu, ametenda kwa huruma. Viunganishe upate: Mungu amefadhili. Kiima kipo, kiarifu kipo. Mzazi aliyempa mwanawe jina hili alikuwa anatoa taarifa kwa majirani, na kila alipomwita mtoto arudi ndani taarifa ile ilisikika upya barabarani.

Sisi wa lugha za Kibantu jambo hili si geni kwetu. Warundi na Wanyarwanda wana Hakizimana, Mungu ndiye huponya. Wana Habimana, Mungu yupo. Mtu mzima anatembea na sentensi nzima mgongoni, na hakuna anayeshangaa.

Sasa chukueni vile vipande viwili vya Kiebrania mvigeuze, cha nyuma kije mbele. Mnapata Hanania. Maana ni ile ile, Mungu amefadhili. Huyu ndiye yule kijana wa kitabu cha Danieli aliyechukuliwa mateka mpaka Babeli, akabandikwa jina la Shadraka. Waulizeni watoto wa Jumapili kuhusu Shadraka, watawasimulia tanuri la moto mwanzo mpaka mwisho. Waulizeni kuhusu Hanania, watanyamaza. Jina la waliomteka limedumu vinywani mwetu kuliko jina la kwao. Mnaona uchungu wake?

Ondoeni jina la Mungu, mbaki na neema peke yake. Mnapata Hana, mama yake nabii Samweli. Na hapa Kiswahili kimetokewa na jambo ambalo kila nikilisoma nasimama. Habari inaanza kwa kutuambia kuwa Elkana alikuwa na wake wawili, Hana na Penina. Penina alikuwa na watoto, lakini Hana hakuwa na watoto. Sikilizeni vizuri. Kwa Kiebrania mama yule anaitwa Neema. Kwa masikio yetu anaitwa Hana, na kweli hana! Ni sauti mbili tu zimekutana njiani, kila moja ikitoka kwao. Lakini nimeona wasichana wenye jina hili wakitaniwa shuleni, "Hana nini? Hana akili? Hana viatu?" Mzazi mwenye binti wa jina hilo, nakuomba, usimwache aende shule bila kumwambia maana yake. Mwambie anaitwa Neema kwa lugha ya mama yake Samweli. Anayejua maana ya jina lake ana la kujibu.

Yupo ndugu mwingine ambaye wengi hawamtegemei kabisa. Hannibal wa Karthago, mji wa kale wa Afrika ya Kaskazini, jemadari aliyevusha jeshi na ndovu juu ya milima ya Alps mwaka 218 kabla ya Kristo. Watu wa Karthago walisema lugha iliyo ndugu ya Kiebrania, na jina la jemadari ni neno lile lile la fadhila, likiunganishwa na Baali, mungu wao. Adui mkubwa wa Roma na Yohana Mbatizaji walibeba neno moja, kila mmoja akilielekeza kwa aliyemwabudu.

Na tukishamtaja Mbatizaji, hebu tuingie nyumbani kwao siku ya nane baada ya kuzaliwa kwake, kama Luka anavyoisimulia. Nyumba imejaa jamaa na majirani. Baba, Zakaria, ni bubu tangu alipotokewa hekaluni. Wageni wameshaamua: mtoto ataitwa Zakaria, jina la baba yake. Mama, Elisabeti, anasema hapana, ataitwa Yohana. Wanampinga papo hapo: katika jamaa zako hakuna mwenye jina hilo! Wanamgeukia baba, wanamwashiria kwa mikono. Naye anaomba kibao, anaandika: jina lake ni Yohana. Wote wanastaajabu, na papo hapo ulimi wake unafunguka.

Nataka mkione kibao kile. Mzee ambaye kwa miezi hakutoa neno, neno lake la kwanza kwa jamaa ni jina. Na jina lenyewe ni sentensi inayosema Mungu amefadhili. Hakuhitaji kuandika zaidi ya hapo. Habari yote ya uzee wao, ya utasa wa mkewe, ya machozi ya miaka, imo ndani ya neno moja kwenye kibao.

Na mama je? Mama alishalisema kabla yake, mbele ya wageni, peke yake, akapingwa. Hilo tusilipite haraka.

Zakaria aliukata mnyororo wa kurithishana jina la baba. Wengine wamekwenda kinyume, wakalichukua jina hili hili kwa sababu ya baba. Mwaka 1958 Kardinali Angelo Giuseppe Roncalli alichaguliwa kuwa Papa. Alipoulizwa ataitwa nani, akasema Yohana, akaeleza kuwa ni jina tamu kwake kwa kuwa ndilo jina la baba yake. Akawa Yohane wa 23. Na karne nyingi kabla yake, mwaka 533, kasisi mmoja wa Roma aliyeitwa Mercurius alichaguliwa kuwa Papa, akaona haifai kukaa kwenye kiti kile na jina la mungu wa kale wa Kirumi. Akachagua lipi? Yohana. Huyo ndiye Papa wa kwanza tunayejua alibadili jina.

Haya, ndugu zangu, jina limezaliwa. Sasa linasafiri. Na jina likivuka mpaka wa lugha hukutana na mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni mdomo. Mdomo ukikosa sauti fulani, sauti hiyo itaachwa nje. Mdomo ukipenda mwisho fulani, jina litavishwa mwisho huo.

Wagiriki hawakuwa na herufi ya h ya kuandika katikati ya neno, h ikaanguka. Majina mengi ya wanaume kwao huishia na s, s ikaongezwa. Yohanan akawa Ioannes. Waroma wakairudisha h kwenye maandishi, Iohannes, na kutoka hapo jina likatawanyika. Wareno wakalipitisha puani, João. Wahispania, Juan, na J yao inakwaruza koo kama kh. Waitaliano, Giovanni. Warusi, Ivan. Wapolandi na Wacheki, Jan. Wahungari, János. Waarmenia, Hovhannes. Waethiopia, Yohannes, jina alilolitwaa Kassa alipotawazwa mfalme wa wafalme mwaka 1872. Wahawaii hawana J na hawapendi neno lifungwe kwa konsonanti, kwa hiyo John wa Waingereza akawa Keoni. Hilo nalo sisi tunalielewa kuliko wengi. Nani hapa hajamsikia bibi akimwita mjukuu wake Joni? Ulimi wetu nao hutaka neno lipumzike kwenye irabu. Waganda wana Yowana, na wana Yokaana pia, kila kundi la waumini na lake.

Lugha nyingine zimemla Yohana kichwa, nyingine mkia. Wajerumani walibaki na mwisho wa Johannes, wakapata Hans. Waholanzi walibaki na mwanzo na mwisho wa Johan, wakapata Jan. Warusi humwita Ivan wa nyumbani Vanya. Na Waingereza kwa karne nyingi wamemwita John kwa jina la utani la Jack, hata Rais John Kennedy wa Marekani kwa watu wake alikuwa Jack. Ya koo nitapita mbio: Johnson, Jones, Ivanov, Hansen, Evans, Hovhannisyan, wote hao ni wana wa Yohana.

Ireland inanivutia zaidi. Huko jina hili liliingia mara mbili, kwa milango miwili. Kwanza liliingia na watawa waliosoma Kilatini, likawa Eoin. Kisha katika karne ya 12 wakaja Wanormani na farasi na panga, wakisema Kifaransa chao, na kwao jina lilikuwa Jehan. Waayalandi hawakuwa na sauti ile ya J. Waliyokuwa nayo karibu ni sh. Likawa Seán. Leo katika familia moja unaweza kumkuta Eoin na kaka yake Seán. Mama amewapa wanawe wawili jina lile lile moja, na hakuna kosa lolote, maana yale ni majina mawili kamili, kila moja na historia yake.

Je, sisi si hivyo hivyo? Kiswahili kina Yohana, kina Yohane wanaloandika Wakatoliki, kina Yahya, kina Joni. Milango minne!

Na mtu mmoja anaweza kuivuka milango hiyo yeye mwenyewe. Mwaka 1497 baharia mmoja alitoka bandari ya Bristol kwa idhini ya Mfalme Henry wa 7 wa Uingereza, akavuka Atlantiki mpaka pwani ya Amerika ya Kaskazini. Vitabu vya Kiingereza vinamwita John Cabot. Waitaliano wanamwita Giovanni Caboto. Kwao Venisi, kwa lahaja ya mji ule, alikuwa Zuan. Mwuliza swali atauliza: jina lake hasa lilikuwa lipi? Na yule mchoraji mashuhuri wa bahari, Ivan Aivazovsky, aliyezaliwa mwaka 1817 katika familia ya Kiarmenia huko Krimea, alibatizwa Hovhannes. Ivan na Hovhannes, Yohana na Yohana. Aliitika yote mawili.

Sasa narudi kwa mwalimu wangu na lile daftari. "Jina lenyewe hasa ni John." Twendeni polepole hapa, kwa sababu nimekutana na kauli hii mara nyingi mno, na bado inaandikwa kwenye vyeti vya watoto.

Herufi J ni mtoto mdogo katika alfabeti. Ilikuwa I iliyorefushwa mkia, na watu waliziandika bila kuzibagua. Mmoja wa watu wa kwanza kutaka zitenganishwe, kila moja na sauti yake, ni Mwitaliano, mwaka 1524, aliyeitwa Gian Giorgio Trissino. Gian! Yohana mwenyewe. Hata hivyo uchapaji ulichelewa kumfuata. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, ukiifungua toleo lake la kwanza utakuta Iohn, kwa I. Waingereza wenyewe wakati ule walilichapa bila J hata moja.

Halafu pimeni wenyewe. Kiebrania: Yo-ha-nan, silabi tatu. Kiswahili: Yo-ha-na, silabi tatu. Y ya mwanzo tunayo, h tunayo na tunaitamka, kilichoanguka ni n moja ya mwisho. Kiingereza kimebaki na silabi moja, Y imegeuka J, na h imebaki kwenye karatasi tu, haisikiki. Yohanan angeingia leo kwenye ukumbi huu akasikia "Yohana!", angegeuka. Akisikia "John!", angeendelea kutembea.

Simlaumu John. John ni jina zuri, lililopita Ugiriki, Roma na Ufaransa kabla ya kufika Uingereza, na kila lilikopita lilipokewa kwa mikono ya watu waliolipenda. Ninachokataa ni kuambiwa kuwa Yohana ni John aliyechakaa, kwamba Yakobo ni Jacob aliyeharibika, kwamba Yosefu anangoja kusahihishwa awe Joseph. Walimu wangu mliomo humu, nawaomba kwa heshima zote: mtoto akikutajia jina lake, andika alichokitaja. Usimtafsiri.

Ngoja niwaambie kilichonipata ukubwani. Nilipata nafasi ya kusoma ughaibuni, katika nchi ambayo kwao Johanna ni jina la mwanamke. Barua zote zilinijia na Bi. mbele ya jina. Nikaandika kusahihisha mara moja, nikaandika mara ya pili. Nilipofika, usiku, mvua inanyesha, na sanduku langu mkononi, ofisi ilikuwa imenipangia chumba katika bweni la wanawake. Yule karani alitazama barua, akatazama pasipoti, akanitazama mimi, akarudia tena vyote vitatu kwa mpangilio ule ule. Chumba kingine hakikuwapo. Nililala kwenye kiti cha mapokezi, na kwa wiki tatu nilikuwa nikieleza kwa kila dirisha kwamba mimi ni mwanamume na jina langu halijakosewa.

Kosa lilikuwa nini? Kosa lilikuwa kudhani kuwa a ya mwisho ina jinsia. Katika lugha nyingi za Ulaya a ya mwisho ni alama ya mwanamke: Johanna, Giovanna, Ivana, Juana. Kwetu je? Baba anaishia na a, mama anaishia na a, kaka na dada vilevile. Irabu yetu haina habari na jinsia. Na mambo haya hayawapati Waafrika peke yao. Jean huko Ufaransa ni mwanamume. Kwa Waingereza Jean ni mwanamke. Joan kwa Kiingereza ni mwanamke. Kwa Kikatalani Joan ni mwanamume, kama yule mchoraji Joan Miró. Mtu akivuka mpaka mmoja tu, jina lake linambadilisha jinsia bila kumwuliza.

Tena wanawake wa ukoo huu wana historia yao wenyewe. Luka anamtaja Yoana mke wa Kuza, mmoja wa wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Kutoka kwake na kwa wajina wake tuna Jane, Jean, Joan, Johanna, na Waayalandi wana Siobhán na Sinéad, ambayo ukiyatazama kwa macho huwezi kuotea kwamba yanatoka kwa Jehanne na Jeannette wa Wafaransa.

Na yupo mmoja. Februari 1431, mjini Rouen, msichana wa miaka kama 19 anasimamishwa mbele ya jopo la makasisi na wanasheria. Amefungwa minyororo. Swali la kwanza kabisa wanalomwuliza ni jina lake. Kumbukumbu za kesi zipo, na jibu lake limeandikwa: kwao kijijini alikuwa akiitwa Jeannette, na tangu aje Ufaransa ameitwa Jeanne, kuhusu jina la ukoo hajui lolote. Dunia inamjua kwa Jeanne d'Arc, yule aliyeongoza askari wa Ufaransa vitani, lakini siku ile d'Arc hiyo hakuitaja yeye. Barua zake zilizobaki zenye sahihi zina neno moja: Jehanne, na h katikati, ile ile ya Yo-ha-nan, imesafiri Kilatini na Kifaransa ikafika kwenye mkono wa binti wa mkulima. Walimchoma moto tarehe 30 Mei mwaka ule. Mimi nikilisoma jibu lile naona mtu ambaye hata mbele ya mahakama ile aliwaeleza kwanza nyumbani kwao walimwitaje.

Sasa Yahya. Niliacha hili mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo lililo karibu na moyo wangu.

Wakristo wa Kiarabu humwita Mbatizaji Yuhanna. Waislamu humwita Nabii Yahya, amani iwe juu yake. Ni jina moja au mawili? Yuhanna kwa Kiarabu ni Yohanan yule yule. Yahya ukilisikiliza kama Mwarabu anavyolisikia, mzizi wake ni mwingine: ni kuishi. Yahya, anaishi. Na mzizi huo sisi tunaushika kila siku bila kufikiri. Hai. Uhai. Hayati. Maneno hayo ni ndugu wa damu wa Yahya.

Wapo wataalamu wanaokumbusha kwamba maandishi ya kale ya Kiarabu mara nyingi yaliandikwa bila nukta za kutofautisha herufi, na bila nukta hizo majina haya mawili yanafanana sana kwa macho. Wengine wanashikilia kuwa Yahya ni jina linalosimama kwa miguu yake, lenye maana yake kamili: mtoto aliyeuhuisha uzazi wa mama tasa. Na Wamandea wa Iraq na Iran, jamii ndogo ya kale inayomtukuza Mbatizaji kuliko wote, wao katika vitabu vyao wanamwita kwa majina yote mawili, Yahya na Yuhana, bila kuona haja ya kuchagua.

Nilipokuwa kijana wa sekondari nilimwuliza yule mzee jirani. Nilikuwa nimeshasoma mahali kwamba Yohana maana yake ni neema, na Yahya maana yake ni kuishi. Nikamwendea kama mtu aliyegundua kosa. Nikamwambia, "Babu, umekuwa ukiniita jina lisilo langu. Maana zake ni mbili." Hakukasirika. Alikuwa anakunja mswala wake. Akaketi, akaniambia niketi. Akanisomea kutoka Sura ya Maryam, polepole, kwa Kiarabu, kisha akanieleza kwa Kiswahili: Zakaria anamwomba Mola wake kwa sauti ya siri, mifupa imemdhoofika, kichwa kinang'aa kwa mvi, anabashiriwa mtoto, jina lake Yahya, na kabla yake hakupewa yeyote jina hilo. Nikakumbuka wale jamaa wa Elisabeti: katika jamaa zako hakuna mwenye jina hilo. Akaendelea mpaka aya ya kumi na tatu, pale Mwenyezi Mungu anapotaja alichompa mtoto yule. Akasimama kwenye neno moja. Akalirudia mara tatu. Hanana. Hanana. Hanana.

"Maana yake?" nikauliza.

"Huruma," akasema. "Huruma itokayo Kwake."

Ndugu zangu, nilihisi nywele zikinisimama. Yo-hanan. Hanana. Mzizi ni ule ule, konsonanti ni zile zile. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kuwa neno hilo, katika Qur'ani nzima, limekuja mara moja tu, nalo limekuja hapo, katika habari za Yahya. Mzee hakuwa amesoma Kiebrania. Hakuwa amesoma isimu. Alikuwa anakijua kitabu chake, na alikuwa anajua pa kusimama.

Kisha akanipiga begani akasema, "Sasa nenda kamwite somo yako, chai inapoa."

Mzee yule ametangulia mbele ya haki. Daftari lile la shule sijui liko wapi, lakini kwenye vyeti vyangu nililipa ada, nikaapa, nikajaza fomu, na leo vyote vinasoma Yohana. Mwanangu wa kwanza nilipokwenda kumwandikisha, nililitamka jina lake mara mbili kwa karani, nikamwomba anisomee alichoandika kabla hajapiga mhuri.

Na yule mjukuu wa mzee amesafiri usiku kucha ili awe nasi leo. Ameketi safu ya tatu, upande wa dirishani, na najua hapendi nifanye hivi.

Yahya. Somo yangu. Simama, watu wakuone.